Njia ya Magadi kwa Dereva Anayeanza

Mtu anayeniuliza aanzie wapi kulizoea gari lake jipya la magurudumu yote manne yanayovuta, humwelekeza Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, kwa sababu lami humfikisha hadi mjini na kazi yenyewe huanza baadaye. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 110 kupitia Kiserian, na barabara huteremka kwa zaidi ya mita 1,000 kuingia Bonde la Ufa. Mteremkoni zuia gari kwa gia, usilemee breki.

Ukishavuka mji, ambako magadi yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, shika njia ya vumbi iendayo kusini kwenye chemchemi za maji moto. Haina miinuko ya kutisha. Ina mawe, vumbi jingi na vipande vya mchanga. Kabla ya kuianza mimi hupunguza upepo wa matairi kutoka PSI 35 (kipimo cha pampu) hadi 25 hivi, maana tairi iliyolegea kidogo hukanyaga kwa upana na haichimbi mchanga, lakini ni lazima uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kukimbia tena kwenye lami, la sivyo tairi hupata moto na kupasuka. Gia ya magurudumu manne iweke kabla ya kuingia mchangani, wala usingoje kukwama. Msimu wa masika usiende.

Hatari kubwa ya Magadi ni ule weupe wa ziwa, ambao kwa macho ni uwanja mkavu, kumbe ni ganda tu juu ya matope meusi. Safari yangu ya kwanza niliacha njia nikafuata alama za tairi zilizokatiza humo, bila kujiuliza kwa nini ulikuwa mstari mmoja tu. Zilikuwa za pikipiki. Gari lilizama hadi kwenye ekseli, nasi tukachimba kwa mikono na sufuria, hadi vijana wa Kimaasai waliokuwa wakichunga mbuzi walipotusaidia kutandika mawe chini ya magurudumu. Jioni hiyo nililiosha gari kwa maji baridi, na hasa chini yake, kwa kuwa chumvi ya magadi hula chuma.

Nilipokwenda tena, mmoja wa vijana wale alilitambua gari, na kabla hata ya salamu akaniuliza kama safari hii nimebeba sepetu.