Siku Moja Maishani Mwangu: Mfumaji wa Sufu wa Chinchero

Saa kumi na moja alfajiri nawasha moto, nawalisha kuku na simbilisi, kisha nawaandaa watoto waende shule. Chinchero, kijiji chetu katika milima ya Andes nchini Peru, iko zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mji wa Cusco, kwa hiyo nasubiri jua liguse ua wa nyumba ndipo vidole viweze kushika uzi.

Saa mbili nimeketi chini, ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, imefungwa nguzoni na nyingine kwenye mkanda uliozunguka kiuno changu. Mwili wa mfumaji ndio unaokaza nyuzi, nami nikisogea mbele kidogo tu, zote hulegea. Nachagua nyuzi kwa ncha za vidole, napitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, naushindilia kwa wichuña, mfupa uliochongwa wa lama, mnyama wa huku kwetu. Hadi saa nne kitambaa cha mezani kimeongezeka upana wa vidole vinne.

Hapo likafika basi la watalii. Nilifua sufu kwa povu la mzizi wa saqta, nikaponda kiganjani wadudu wa kochinili wanaookotwa kwenye mpungate, rangi ikatoka nyekundu kama damu, na tone la ndimu likaigeuza kuwa ya machungwa. Walipiga makofi. Kisha mama mmoja akashika kitambaa nilichokimaliza mwezi uliopita, akasema, kwa adabu iliyoniudhi zaidi, kwamba shali yake ya sufu ya alpaka, mnyama wa jamii ya lama, aliinunua mjini kwa robo ya bei yangu. Nilimwomba uzi mmoja wa shali ile, nikauchoma pamoja na wangu. Wake uliyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Wangu ulinuka nywele zilizoungua, ukasagika kuwa majivu. Alinyamaza kidogo, akauliza nilikifuma kwa siku ngapi. Nikajibu kumi na mbili, na hilo ndilo kosa langu, maana alitoa simu, akagawanya bei kwa siku, akaniambia kwamba mshahara huo ni mzuri kwa kijijini. Wiki za kusokota kila uzi, kuuambatanisha na mwenzake na kuusokota tena, kuchuma majani na kuchemsha rangi, hazikuwamo katika hesabu yake. Alitaka nipunguze nusu. Nilikataa, akanunua bangili ya uzi.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Mgongo uliniuma, mvua ikanihamishia barazani, na nilipokunjua kazi nikakuta kwamba, katika hasira yangu, nilikuwa nimeruka uzi mmoja, ua la nakshi likapinda. Mteja asingeligundua. Dada yangu aliligundua akiwa bado mlangoni.

“Mdogo wangu, hilo unaliacha?”

Nikaanza kufumua, safu baada ya safu, huku yeye ameketi kando yangu akisokota sufu, hadi giza likatuzuia kuona nyuzi.