Nasali uani na bado ni Mkristo

Hapa Bagamoyo ukikutana na mtu hamjaonana muda, baada ya salamu na habari za watoto swali linalofuata ni "siku hizi unasali wapi?" na anataka jina la kanisa, ikiwezekana na la mchungaji. Jibu langu kwa sasa ni refu kidogo, ndo maana nimeamua kuliandika.

Nasali uani kwa jirani, huku Magomeni, Alhamisi jioni watu wakishatoka kwenye mihangaiko. Tuko wachache, kuna kaka anauza samaki kule sokoni ufukweni, kuna mama ntilie, kuna mwalimu mstaafu, na watoto wanaopitiwa na usingizi kwenye jamvi hata sala ya kwanza hatujamaliza. Hakuna spika, hakuna kinanda, hakuna anayeitwa mtumishi. Tunasoma sura moja, kila mtu anasema imemgusa wapi au imemkwaza wapi, alafu tunaulizana nani amekwama, na kama yupo hela inachangwa palepale anaondoka nayo usiku uleule.

Watu wanadhani nimekasirika na kanisa au nimepoa. Hapana jamani. Mama yangu mpaka leo ni ibada ya kwanza kila Jumapili na mimi ndo namsindikiza mpaka getini, na kwaya naikosa mno. Ila kuna kitu nimekiona na siwezi kujifanya sijakiona: kinachowashikilia wengi wetu kanisani ni mazishi. Mtu akianza kukosa ibada, hata hajaulizwa ana shida gani, anaambiwa "haya, ukifa atakuzika nani?" na hapo hapo anarudi mbio, na sisi tunahesabu kwamba amerudi kwa Yesu.

Kuna bibi mmoja wa mtaani kwetu aliugua muda mrefu akafariki, ndugu wakaenda kanisani kwake kuomba mtu wa kuendesha ibada ya maziko, kitu cha kwanza kilichofunguliwa ni daftari. Kadi yake niliiona kwa macho yangu, ya njano, imechakaa kwenye mikunjo, miezi imepangwa kuanzia Januari, kila mwezi aliolipa ahadi kuna kamhuri ka bluu, na kuanzia pale alipoacha kutembea mihuri inakatika, vyumba vinabaki vitupu mpaka chini. Vile vyumba vitupu ndo vikajadiliwa, miaka yote aliyodeki lile kanisa kila Jumamosi hakuna aliyeitaja. Iliniuma na inaniuma mpaka leo. Mwisho kaburi walichimba vijana wa kijiwe cha bodaboda, wengi wao Waislamu, hawakusubiri kuombwa, na aliyesoma Zaburi ni yule mwalimu mstaafu, bibi wa watu akazikwa vizuri kabisa. Uani palianzia hapo, maana kwenye matanga tulikuwa tunasali kila jioni na yalipoanuliwa hatukutaka kuacha.

Na huu mji wenyewe una jambo la namna hiyo, tunapita pembeni yake kila siku. Ule mnara wa kanisa la zamani pale misheni watalii wanaupiga picha kwa ajili ya Livingstone, yule mmisionari Mskoti. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa pale usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Sasa nani aliuleta? Ni Chuma na Susi na wenzao, watumishi na wapagazi, walioutoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa magome ya mti na kuubeba miezi na miezi hadi pwani, na wengine wakafia njiani. Pale moyo ulipozikwa aliyesoma sala ya maziko ni Jacob Wainwright, kijana aliyetolewa utumwani akasomeshwa na wamisionari, hakuwa padre. Susi alikuwa hata hajabatizwa. Nani atathubutu kuniambia ile haikuwa ibada?

Wanaosema kusali nyumbani ni kujitungia dini wasome hata zile salamu za Paulo tu. Warumi 16 analisalimia kanisa la nyumbani kwa Priska na Akila, na kwa Filemoni hivyo hivyo. Konstantino, mtawala wa Roma, kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu hadharani ni mwaka 313, na kabla ya hapo wengi walikutana majumbani mwa watu.

Lakini nyumba nayo haimtakasi mtu. Huo waraka wa Filemoni tulikaa nao Alhamisi kadhaa. Huyu bwana kanisa linakutana nyumbani kwake, wanasali, wanamega mkate, na ana mtumwa. Onesimo ametoroka, Paulo anamrudisha na barua akiomba apokelewe kama ndugu mpendwa. Kuyasoma hayo Bagamoyo si sawa na kuyasoma kwingine, hapa ndo misafara ya watumwa ilikuwa inafika baharini, na hapa Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 wakaishi na watu waliokombolewa utumwani. Kaka wa samaki akauliza, huyo Onesimo siku ya kwanza aliporudi, watu walipokutana kusali, alikaa kwenye mkeka na wenzake au alikuwa anazungusha maji? Tulibishana mpaka taa ya sola ikaisha chaji. Toka siku hiyo chai pale uani inagawiwa kwa zamu, na mwenye nyumba ndo alianza.

Sasa hivi tunachobishania ni mfuko wa mazishi. Mama ntilie anataka hela kidogo kila wiki na iandikwe, anasema siku ya msiba kulia tunalia wote ila mbao hainunuliwi kwa machozi, na ana hoja. Mwalimu hataki kabisa kusikia neno daftari. Mimi naona tuchange, ila jina la asiyechanga lisiandikwe popote, na mfuko uwe wa mtaa mzima, akifa Muislamu ununue sanda, akifa Mkristo ununue mbao. Vijana wa bodaboda wameshasema wanaingia, wanachotaka kujua ni hela atashika nani.