Siku moja na goti la moto

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokezana zamu. Muuguzi wa usiku ananiambia kuna mzee kaingia alfajiri, goti limevimba, hawezi kukanyaga. Kisha anaongeza neno ninalomshukuru nalo mpaka sasa: "Antibayotiki bado hatujampa."

Saa 2. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Siku ya tatu hii silali." Goti linang'aa, la moto mkononi. Huenda ni jongo (gauti, fuwele ndogo zinazojikusanya kwenye kiungo), huenda ni damu, huenda ni bakteria, na kwa macho huwezi kutofautisha. Bakteria hula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu, na gegedu likishaliwa halirudi. Namwambia nitavuta maji ya gotini tuyapime. Anauliza kama itauma. Itauma kidogo, mzee, kabla ganzi haijashika.

Saa 3. Naweka taulo lililokunjwa chini ya goti ili paja lilegee. Napaka ayodini, nasubiri ikauke kabisa, maana ukiharakisha hapa unaweza kuingiza wadudu mwenyewe. Naingia kwa upande wa nje, juu kidogo ya kilegesambwa, kile kifuniko cha mfupa mbele ya goti. Sindano inakaza, halafu ghafla inalegea: nimefika. Maji ya goti lisiloumwa ni ya manjano mepesi, maandishi unayasoma kupitia bomba la sindano. Haya yametibuka kama maji ya kuoshea mchele. Nadondosha tone. Ute wa goti lisiloumwa huvutika kama uzi kabla ya kukatika. Huu unadondoka tu kama maji ya bomba.

Sampuli ninayo. Sasa antibayotiki ianze kupita kwenye mshipa, bila kusubiri majibu.

Saa 3:40. Napeleka sampuli maabara kwa miguu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitanguliza antibayotiki, nikavuta maji kesho yake, na maabara hakikuota kimelea chochote cha kutuonyesha adui ni nani. Yule mama tulimtibu kwa kubahatisha, na goti lake halikukunjika tena sawasawa.

Saa 6. Majibu: seli nyeupe 68,000 kwa mikrolita. Zikizidi 50,000 mimi huhesabu ni bakteria mpaka ithibitike vingine. Kwenye hadubini bakteria wapo, viduara vya zambarau vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Fuwele za jongo hazijaonekana. Nampigia daktari wa upasuaji.

Saa 9. Mzee anaingia kusafishwa goti. Binti yake kakaa kwenye benchi, kashika kandambili za baba yake.

Saa 11 jioni. Nakabidhi zamu. Vimelea vinaendelea kuoteshwa. Kesho nitapitia maabara kwanza, ndipo niingie wodini.