Mpelelezi Asiye na Nauli

Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, akitaka kupanda ndege, anapanda. Serikali iko nyuma yake, na ndiyo inayolipa. Yule mpelelezi mwingine, wa kujitegemea, wa riwaya kali za mtaani, mchovu, shati moja, madeni kila kona, hana wa kumlipia hata chai. Ukitaka kumwandikia riwaya na kumweka Kigoma, anzia mfukoni mwake. Raymond Chandler, mwandishi wa Marekani wa riwaya za namna hii, alilijua hili: katika kitabu chake cha mwaka 1939 mpelelezi wake, Philip Marlowe, anamtajia mteja bei bila haya, dola 25 kwa siku na gharama juu.

Kabla ya sura ya kwanza chukua daftari, piga safu tatu: siku, kilichoingia, kilichotoka. Mpe shilingi 60,000 za kuanzia. Toa bodaboda ya Mwanga hadi Kibirizi, toa wali na migebuka, toa vocha, toa soda ya kumlegeza ulimi kuli wa bandarini. Siku ya nne amebakiwa na 7,000 na anatakiwa kuchagua: ale, au amfuate mtu aliyepanda boti. Hapo hadithi imeshapata miguu. Kosa la wengi ni umaskini wa mapambo. Sura ya pili jamaa kalala njaa, sura ya tano kakodi boti ya injini kwenda hifadhi ya Gombe, na hakuna aliyeambiwa hela imetoka wapi. Wasomaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanajua mafuta ya boti yanavyokula pesa.

Na kodi ya nyumba. Usituletee mwenye nyumba anayegonga mlango kila mwisho wa mwezi. Huyo ni wa sinema. Huku unadaiwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo anguko la mtu wako lina tarehe yake. Itaje mapema, kisha iangukie theluthi ya mwisho ya kitabu. Mpangishe chumba Ujiji, kwa bibi anayeswali swala tano, halafu akanywee Mwanga. Kila usiku atarudi kwa miguu na harufu yake, na bibi atakuwa macho.

Uhalifu wenyewe uandike kutoka mwisho kuja mwanzo. Kurasa mbili, za kwako peke yako: nani kafanya nini, saa ngapi, kwa nini, na kateleza wapi. Riwaya yenyewe, maneno 60,000 yanatosha, sura 30 za maneno 2,000. Anza na kazi ndogo, kubwa ije kwa mlango wa nyuma. Tuseme mama mmoja muuza mawese kapotelewa na madumu 40. Piga hesabu: dumu la lita 20 mara 40 ni lita 800, zaidi ya kilo 700. Mzigo huo hauondoki kwa bodaboda. Kuna boti au kuna gari, na penye gari pana dereva na wapakiaji walioona. Mawese pia hayafichiki: yakimwagikia shati jeupe, doa la rangi ya chungwa halitoki kwa sabuni moja. Hilo doa litaje katikati ya vitu vingine viwili vya kawaida, kisha msemeshe mtu haraka ili macho ya msomaji yapite. Maiti isichelewe kupita sura ya 10, la sivyo utakuwa umeandika vitabu viwili.

Saa nazo huwaumbua waandishi wa Dar. Kigoma iko mbali magharibi lakini saa ni ileile, kwa hiyo jua huzama takriban dakika 40 baada ya Dar. Saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati Dar jua limeshazama au liko karibu kuzama, hapa jua bado linaning'inia juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Ukimtaka muuaji apite gizani, msogeze hadi saa mbili. Halafu angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika. Shahidi wako akisema aliona taa za wavuvi usiku wa mwezi mpevu, basi anadanganya. Kama hukukusudia adanganye, umekosea wewe. (Ni kidokezo kizuri sana, mtu akichukue.)

Kigumu kuliko vyote ni mazungumzo. Mpelelezi wa Marekani huingia, haketi, hurusha swali. Ujiji ukifanya hivyo utajibiwa "sijui" mtaa mzima. Salamu ni lazima, na usiione kama kizuizi, ndiyo silaha yenyewe. Mshukiwa ana miaka sitini, mpelelezi arobaini:

"Shikamoo mzee."

Mzee akaendelea kukunja wavu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka kwa nani?"

Tayari kuna mvutano, wala swali la kesi halijaulizwa. Mtu wako amemnyenyekea anayemshuku, mara mbili, na mzee ndiye aliyeanza kuhoji. Ukali wa riwaya hizi uko kwenye kilichobanwa, hivyo futa vielezi kama "kwa hasira" na "kwa ukali". Tamathali moja kwa ukurasa yatosha, itoke humuhumu: wavu, moshi wa karabai, mtumbwi uliofunikwa kifudifudi. Mwembe wa Livingstone, ule wa Ujiji alipokutana na Stanley, waachie watalii.

Kisha kuna kipigo, maana hakuna riwaya ya namna hii bila shujaa kupigwa. Kwingine hujifuta damu na kuagiza kinywaji. Kwetu akifika hospitali na jeraha la kupigwa ataulizwa PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi. Kwa hiyo atakwenda kituoni, jicho limevimba, mbele ya askari yuleyule ambaye shujaa amekuwa akimkwepa tangu sura ya tatu. Ataulizwa jina, mtaa, aliyempiga ni nani, alikuwa anafanya nini Kibirizi usiku ule. Akisema kweli, kesi imetoka mikononi mwake. Akidanganya, uongo umeandikwa kwenye kitabu cha polisi na una namba ya RB, ile ya kuandikisha taarifa. Andika sura hiyo taratibu, kwenye benchi, damu ikikaukia kwenye kola huku askari akitafuta kalamu inayoandika.