Kutoka Vilele vya Catskill hadi Vilima vya Pemba

Tangu nirudi Pemba, vijana wa kwetu huniuliza ni kitu gani nilichokipenda zaidi Marekani, na wengi hushangaa ninapowajibu kwamba ni milima. Niliishi New York, na mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka jiji hilo ipo milima ya Catskill, yenye vilele zaidi ya 30 vinavyopita futi 3,500, yaani kiasi cha mita 1,067, karibu vyote vikiwa vimefunikwa na msitu hadi juu. Slide, ulio mrefu kuliko yote, una mita 1,274, na kutoka hapo mwenye pumzi hufuata mgongo wa mlima hadi Cornell na Wittenberg, akateremka kabla ya jua kuchwa.

Vilele hivyo vitatu vina njia yenye alama kwenye miti. Jirani yake vipo Friday, Balsam Cap, Rocky na Lone, ambavyo havina njia rasmi, na wako wanaovipita vyote kwa siku moja kwa ramani na dira. Huko ndiko nilikojifunza kutembea. Karibu na kilele miti ya jamii ya msonobari husongamana kiasi kwamba mtu hupenya kwa bega, mkono mmoja ukiwa mbele ya uso ili vijiti vikavu visimchome macho, na dira hutazamwa kila baada ya hatua chache kwa sababu mbele hakuonekani kitu isipokuwa matawi. Juu kabisa nilikuta mkebe uliofungwa kwenye mti, na ndani yake daftari la wapandaji kuandika majina yao.

Misitu hiyo haikusalimika kwa bahati. Jimbo la New York liliihifadhi kwa sheria mwaka 1885, na katiba yake ya mwaka 1894 ikaamuru ardhi hiyo ibaki kuwa msitu wa asili daima. Leo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji hutoka katika mabonde ya milima hiyo. Nilipolielewa hilo niliufikiria msitu wa Masingini kule Unguja, ambao nao hulinda vyanzo vya maji ya mji.

Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150, lakini asiyevijua asividharau. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo karafuu ikatanda kwenye miteremko yetu hadi msitu wa asili ukabaki vipande vipande, kikubwa kati ya hivyo kikiwa Ngezi. Nimetembea na ami yangu kutoka kilima hadi kilima: nyumba na njia ziko juu, mikarafuu ubavuni, mpunga bondeni, kisha kupanda tena kwenye udongo mwekundu unaoteleza baada ya mvua. Ami hana dira. Hutazama maji yanakoelekea, na tulipoiacha njia alikuwa akipiga hodi kwa kila mwenye shamba, kwa sababu hapa hakuna pori lisilo na mwenyewe.

Ngezi ni jambo jingine. Humo mna mpapindi, mnazi mwitu mwembamba wa Pemba, na popo wa Pemba, mkubwa, mla matunda, asiyepatikana popote pengine duniani, ambaye husambaza mbegu za miti akirukaruka usiku. Humo mtu hufuata njia pamoja na mwongozaji, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa kipande kilichobaki ni kidogo mno kuvumilia nyayo za kila mtu anayejikatia njia yake.

Vilima vya mikarafuu ndivyo vinavyofaa kwa matembezi ya siku nzima. Njia za miguu walizotumia wazee kwenda shamba na sokoni bado zipo, ila nyingine zinafungwa na vichaka kwa kuwa siku hizi watu hupanda pikipiki. Ninataka tuzichore kwenye ramani, kwa idhini ya wenye mashamba, na waongozaji wawe vijana wa vijiji hivyo hivyo. Masika yakishakwisha nitaanza na zile ninazozijua upande wa Wete, na anayezijua za Mkoani au Micheweni ninamwomba sana tufuatane.