Tambukareli ya mtaani kwetu ilivyopata taa na mageti

Gari lilikwama juu ya reli nikiwa na wanangu watatu ndani. Ilikuwa Januari 2022, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, giza bado nene, nawapeleka kwa mama anayewalea kabla sijaingia zamu kiwandani. Tambukareli ile, yaani pale barabara inapokatiza reli, imeinuka kama tuta, barabara yenyewe ni ya changarawe, na usiku huo barafu ilikuwa imegandia mbao zilizo katikati ya reli. Tairi za mbele zikazunguka hapo hapo. Niliwatoa watoto mmoja mmoja, wa mwisho nikamvuta kwa koti, tukakimbilia kwenye theluji. Kijana mmoja mwenye pikapu alinifunga mnyororo akalivuta gari. Haikupita robo saa, treni ya mizigo ikaja. Nilisimama nimemkumbatia mdogo, nahesabu mabehewa, sijui nayahesabia nini.

Tunaishi mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani, mji wa kiwanda cha nyama. Wakongo tulio hapa wengi tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Nyumba ambazo mishahara yetu inazimudu ziko ng'ambo ya reli. Kiwanda, shule na duka viko upande wa pili. Pale pa kuvukia palikuwa na kibao cheupe chenye umbo la X tu. Hapana taa, hapana kengele, hapana geti.

Juni mwaka huo huo, jimbo jirani la Missouri, karibu na Mendon, treni ya abiria ya Amtrak iligonga lori la kokoto kwenye tambukareli ya changarawe isiyo na taa wala geti, yenye mwinuko mkali. Watu 4 walifariki, wengine kama 150 wakaumia. Habari ile ilinikosesha usingizi. Jumapili nikasimama kanisani baada ya ibada nikasema: tufanye kitu.

Tulianza vibaya. Tuliandika barua kwa kampuni ya reli, tukaikusanyia saini, tukapeleka. Jibu lililorudi lilikuwa la kutushukuru tu. Miezi minne ikapita hivyo. Nayaeleza haya kwa sababu najua Waswahili wengi wa Marekani mnaishi kandokando ya reli kama sisi, na sitaki mpoteze miezi minne kama tulivyopoteza.

Aliyetufungua macho ni mkutubi wa maktaba ya mji. Alinikalisha kwenye kompyuta akaniuliza kama nimeona kibao kidogo cha buluu kwenye nguzo pale relini. Nilikuwa napita mbele yake kila siku bila kukisoma. Kina namba ya simu ya dharura ya kampuni ya reli, na chini yake namba ya tambukareli yenyewe: tarakimu sita na herufi moja. Kumbe gari likikwama, baada ya kutoka, unapiga namba ile na kutaja tarakimu zile, wao ndio wenye uwezo wa kuwaarifu madereva wa treni. Treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo inahitaji maili moja au zaidi mpaka isimame, kwa hiyo dereva akikuona kwa macho ni kuchelewa. Na ukikimbia, kimbia kuelekea upande treni inakotokea, lakini kwa kuchepuka mbali na reli, ili vipande vya gari likigongwa visikufuate. Mimi siku ile nilikimbia na wanangu upande usio sahihi. Mambo haya tumeyaandika kwa Kiswahili na Kirundi, tukabandika mlangoni mwa kanisa na kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani.

Namba ile ile ukiiingiza kwenye tovuti ya idara ya reli ya serikali kuu, unafunguliwa faili la tambukareli: treni ngapi kwa siku, mwendo gani, kuna alama zipi, magari mangapi hupita. Tulipofungua faili letu nilidhani tumekosea namba. Liliandika magari 160 kwa siku, na mwaka waliohesabu ulikuwa 2003, kabla ya nyumba zetu kujengwa na kabla kiwanda hakijaongeza zamu. Kwenye swali la mabasi ya shule waliandika: hapana.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yetu ni ipi.

Fedha zipo. Kuna fungu ambalo serikali kuu huligawia majimbo kila mwaka kwa ajili ya tambukareli, wahusika huliita Section 130, lililoanzia kwenye sheria ya usalama barabarani ya 1973. Sheria kubwa ya miundombinu ya 2021 ilililetea dola milioni 245 kila mwaka, na ikaruhusu serikali kuu ibebe hadi asilimia 100 ya gharama. Awali ilikuwa 90. Sheria hiyo hiyo ilianzisha ruzuku nyingine ya kuondoa kabisa makutano ya reli na barabara, dola bilioni 3 kwa miaka mitano kuanzia 2022, lakini hiyo ni ya miradi mikubwa kama madaraja ya juu, na mwombaji lazima atoe angalau asilimia 20 kutoka kwingine. Mji kama wetu ungezitoa wapi? Tukaelekeza macho kwenye fungu la kwanza, ambalo hutumika kwa taa na mageti.

Raia haombi ruzuku hizi, kanisa nalo haliombi. Mji au kaunti hupeleka tambukareli yake kwa idara ya uchukuzi ya jimbo, na jimbo hupanga foleni kwa hatari. Hatari hiyo hupigwa kwa fomula: idadi ya magari, idadi ya treni, mwendo wao, njia za reli ni ngapi, na ajali zilizoandikwa. Gari langu lililokwama halikuandikwa popote. Hakuna mtu aliyekuwa amekufa pale, namshukuru Mungu, lakini kwenye karatasi hiyo ilimaanisha tuko salama. Ukiweka magari 160 kwenye fomula, utakaa mkiani miaka yote.

Basi tukahesabu. Aprili 2023, siku tatu za kazi, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni, watu wawili wawili ndani ya gari lililoegeshwa pembeni, na chupa ya chai. Tulitumia maboksi ya ndizi yaliyokatwa, tukichora vijiti vinne na cha tano kinakata. Mama mmoja wa makamo ambaye hajui kuandika jina lake alichora vijiti vilivyonyooka kuliko vya sisi sote. Siku ya kwanza tulipata magari 940. Mabasi ya shule yalipita mara sita, na kila basi lilifanya kama sheria inavyotaka: linasimama, dereva anafungua mlango na dirisha, anasikiliza, anatazama kulia na kushoto, ndipo anavuka. Nilimtazama yule dereva akiinama mbele kwa sababu mabehewa yaliyoegeshwa kwenye njia ya pembeni yalimziba. Tulipiga picha kutoka urefu wa kiti chake. Picha ile ilifanya kazi kuliko barua zetu zote.

Mzee wa kanisa aliniambia, "Mama, watu wa halmashauri hawatawasikiliza wakimbizi." Nikamjibu, "Baba, tutawapelekea karatasi yao wenyewe." Kwenye kikao unapewa dakika tatu. Nilisoma namba ya tambukareli, nikasoma 160 na mwaka 2003, nikasoma 940, nikaonyesha picha. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwamba huenda nikalia. Sikuomba taa. Niliomba jambo moja: mhandisi wa mji aliombe jimbo lihesabu upya na lirekebishe faili. Ni ombi dogo, halina gharama kubwa, na ni vigumu kulikataa. Vifaa vya jimbo vya kuhesabia vilipowekwa barabarani, usiku ukiwemo, idadi ilipita hata yetu.

Baada ya hapo walikuja wakaguzi: mtu wa jimbo, wa kampuni ya reli, mhandisi wa mji, wote wamevaa vizibao vya kung'aa, wakipima pembe na mwinuko. Nilialikwa, nikaenda na binti yangu mkubwa. Ndipo likatokea jambo zito. Kampuni ilitaka tambukareli nyingine ndogo, mitaa minne kutoka yetu, ifungwe. Mji unaofunga tambukareli moja kwa moja unaweza kulipwa na jimbo hadi dola 100,000, ikiwa kampuni nayo inatoa. Zamani kikomo kilikuwa dola 7,500. Mji ulivutiwa. Sisi tuligawanyika vibaya, kwa sababu ndiyo njia ya miguu ya wazee kwenda zahanati. Vijana walisema tukubali upesi kabla hawajabadili mawazo. Mimi nilisimama na wazee, na hadi leo naona nilikuwa sahihi: ukifunga njia ya mtu wa miguu bila kumpa nyingine, atakatiza popote, na huko hakuna kengele. Mazungumzo yalichukua majira yote ya baridi. Mwishowe ilifungwa kwa magari, na mji ukajenga njia ya miguu kando ya reli hadi kwenye tambukareli yetu.

Kungoja kulikuwa kurefu. Jimbo liliidhinisha mwaka 2024, gharama ikazidi dola 300,000, kisha mkataba na kampuni, kisha kusubiri vifaa. Mafundi waliwasha mfumo wa taa na mageti Septemba 2025. Waliinua barabara kwa kokoto pande zote mbili ili tuta lipungue, wakamwaga lami.

Bado iko tambukareli ya nyuma ya kiwanda, ambako magari ya wafanyakazi hutokea. Ile iko kwenye ardhi binafsi, na fungu hili ni la barabara za umma tu, kwa hiyo kwa njia tuliyopita sisi haifiki. Mwezi uliopita nilimwendea meneja wa zamu na namba ya kibao cha buluu cha tambukareli hiyo na boksi la ndizi lenye hesabu ya wiki moja. Amenipa miadi na watu wa usalama wa kiwanda, Jumanne ijayo, na yule mama wa vijiti vilivyonyooka anakuja nami.