Ile alamu ya moshi tulioitoa mawe ya betri

Siku mbili kabla ya Idi, Ramadhani ya mwaka juzi, nyumba yetu ya Magomeni hapa Unguja ilijaa watu mpaka ukumbini, dada yangu kaja na mumewe na watoto, shangazi wa Pemba nae yupo, na kama kawaida yetu baada ya tarawehe dada akatia makaa kwenye chetezo akafukiza nguo za sikukuu kwa udi. Chumba cha kati. Alipomaliza akakisogeza chetezo pembeni, karibu na godoro la sponji tulilokuwa tumeliegemeza ukutani, akazima taa akaja kulala na sisi ukumbini kwa sababu ya joto, wanawe wawili wadogo wakabaki mule ndani kitandani.

Hakuna moto uliowaka. Hili nataka watu walielewe kwa sababu sote tukisikia nyumba imeshika moto tunafikiria ndimi zinatoka dirishani, mie wallahi sikuona hata cheche. Kaa moja tu liliruka au chetezo kiliguswa, mpaka leo hatujui, godoro likawa linafukuta ndani kwa ndani kimya kimya, moshi unapanda darini unajaa kisha unashuka taratibu na sisi tumelala fofofo. Shangazi ndie alieamka kama saa nane kusali, katoka chooni akaiona ile taa ya ukumbini kama ina ukungu, akapiga ukelele.

Wale watoto hawakukohoa hata mara moja. Nilipombeba mdogo alikuwa mlegevu kama nguo iliotoka majini.

Tukakimbilia mlangoni, geti la nondo limefungwa kufuli, ufunguo haupo msumarini. Watu wanagongana gizani kila mtu anauliza ufunguo uko wapi, kumbe uko mfukoni mwa kanzu ya shemegi, na kanzu yenyewe imetundikwa chumba kile kile chenye moshi. Shemegi akarudi akitambaa na kitambaa cha maji usoni, akaupata. Dakika ngapi sijui, lakini ninazikumbuka mpaka leo nikilala. Watoto walipelekwa hospitali wakatiwa oksijeni, asubuhi wakarudi nyumbani, alhamdulillahi.

Sasa kinachoniuma. Alamu ya moshi tulikuwa nayo. Kaka yangu anaeishi London aliileta mwaka mmoja kabla, kidude cheupe cha duara kama kisosi, mie ndie niliokifunga, na nikakifunga pale juu ya mlango wa jikoni nikidhani ndio pahala pake kwa sababu moto unaanza jikoni. Basi kila mama akikaanga samaki kinalia, akichoma mkate wa kumimina kinalia, watoto wanaziba masikio, mwisho mama akachoka akaniambia kitoe, nikatoa yale mawe mawili nikayatia kwenye rimoti ya tivii. Na usiku ule kilikuwa juu ya kabati, kitupu. Mama hana kosa, kosa ni langu nilioweka pasipostahili halafu nikanyamazisha badala ya kuhamisha.

Baada ya pale nikakaa nikasoma na nikamuuliza sana kaka, maana huko aliko si jambo la kupenda mtu, England mwenye nyumba anaepangisha analazimishwa na sheria tokea Oktoba 2015 aweke alamu kila ghorofa, na Scotland tokea Februari 2022 nyumba zote zinatakiwa ziwe nazo na ziwe zimeunganishwa, moja ikilia na nyengine zinalia. Kitu kilichonishtua kuliko vyote ni pua. Nilikuwa naamini harufu ya moshi itaniamsha. Haikuamshi. Mtu akilala pua nayo inalala, sikio ndio linabaki macho, na moshi wa sponji una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, kwa hiyo badala ya kukuamsha inakuzidishia usingizi. Ndio maana wanaokufa kwenye moto wa nyumba wengi wanakufa kwa moshi, moto wenyewe haujawafikia.

Na alamu si za aina moja. Iko inayotumia chembe ndogo sana ya amerisiamu, madini ya mionzi, hii inawahi zaidi moto wa kuwaka kwa kasi lakini ndio inayopiga kelele ovyo ukikaanga. Iko nyengine ya mwanga, ndani mna mwale wa taa, moshi ukiingia mwale unatawanyika inalia, na hii ndio inayowahi ule moto wa kufukuta kama wa godoro letu. Kwa nyumba zetu zenye chetezo, dawa ya mbu ya kuwasha, na sigara ya babu kitandani, mie nasema chukua ya mwanga. Ukiigeuza nyuma utaona imeandikwa, na ile ya mionzi huwa ina alama yake ya mionzi.

Pa kuiweka ni darini, maana moshi unapanda kwanza, isiwe kwenye kona kabisa na isiwe karibu na feni, ikae mita tatu hivi kutoka jikoni, na khasa pale njiani mnapopita kutoka vyumba vya kulala. Nyumba ya ghorofa kila ghorofa na yake. Ikianza kulia kidogo kidogo kila dakika, tii, tii, kama kifaranga, si mbovu, inataka mawe mapya. Ikitimia miaka 10 itupe ununue nyengine hata kama inalia vizuri, tarehe iko nyuma. Na uipanguse vumbi, mdudu akiingia ndani nae anailiza.

Ila isikudanganye kwa kila kitu. Alamu ya moshi haioni kaboni monoksaidi peke yake, kwa hiyo wakati wa masika mtu anaeingiza seredani chumbani na kufunga madirisha ili apate joto au akaushe nguo za mtoto, makaa yale yameshaiva hayana moshi, alamu itakaa kimya na watu wasiamke. Seredani ibaki uwani, hata mvua ikinyesha, itafutie kibaraza. Gesi nayo haiigusi, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni, ukisikia harufu yake usiwashe taa wala usizime, fungua milango, funga mtungi, na mpira wake uujaribu kwa povu la sabuni, ukiona linatoa mapovu badilisha. Mafuta yakiwaka kwenye karai usimwagie maji, funika na sinia uzime jiko. Ekstensheni moja kuchomekwa friji, pasi na birika ya umeme pia tuache jamani, ukiigusa ikawa ya moto hiyo imeshakwambia.

Kwa wanaokaa Mji Mkongwe naomba sana. Gari ya zimamoto haiingii vichochoro vile, mtu akipiga 114 watakuja lakini gari itasimama mbali na mipira ivutwe kwa mikono, na juu dari ni boriti na mbao kavu za miaka mingi, nyumba zimegandana ukuta kwa ukuta. Pale dakika mbili za alamu ndio roho za watu. Na Ng'ambo na sisi si bora sana, tumejenga mpaka njia hamna.

Nondo sizilaumu, wezi wapo. Lakini ufunguo uwe na pahala pake. Kwetu sasa upo kwenye msumari kando ya mlango, urefu ambao mtoto wa miaka saba anaufikia, na hakuna anaeruhusiwa kuutia mfukoni akishafunga, hata shemegi, tena yeye ndie mkali zaidi. Chetezo kikimaliza kazi kinatoka uwani kwenye saruji na makaa yanamwagiwa maji.

Alamu tunazo mbili, moja njiani kati ya vyumba na moja ukumbini, ya pili kaka aliileta Disemba. Mama ndie msimamizi. Kila Ijumaa ya mwanzo ya mwezi baada ya sala anachukua mpini wa ufagio anabonyeza kile kitufe darini mpaka kilie, na watoto wakisikia tu wanashika ufunguo wanafungua geti wanakwenda kukaa barazani kwa jirani wamsubiri aje awahesabu. Mwezi uliopita mdogo, yule niliombeba, ndie alieufikia ufunguo kwanza.